Picha Namba Sabini na Moja

Bugene, Karagwe
Jumapili, 12 Novemba 1995

Mdogo wangu mpendwa Joviana,

Najua umekwisha kunitolea shikamoo kabla hujafungua bahasha, kama mama alivyotulea. Nami naitikia marahaba. Natumaini barua hii inakukuta wewe, Athanasi na watoto mkiwa na afya njema, na kwamba lile jipu la mguuni lililokusumbua wakati wa kiangazi limepona bila kuacha shimo. Sisi huku tu wazima, isipokuwa wifi yako Kemirembe, ambaye goti humuuma kila mawingu yanapotanda. Mvua ya mwaka huu haina ratiba: hunyesha asubuhi, hupumzika kidogo mchana, kisha hurudi kana kwamba imesahau kitu. Maharage yamestawi. Migomba miwili ya nyuma ya nyumba imeangushwa na upepo, lakini mikungu yake ilikuwa imekomaa, kwa hiyo tumekula ndizi wiki nzima na majirani wamekula pamoja nasi.

Sikuandikii kwa ajili ya maharage na ndizi. Anayekukabidhi barua hii ni mwanamke anayeitwa Mukabera. Mpe maji ya kunywa na mahali pa kukaa, kisha usome hadi mwisho kabla hujamwuliza lolote. Siku ya Alhamisi, tarehe kumi na sita, saa nne asubuhi, katika ile nyumba ya kulelea watoto iliyo juu ya soko lenu la Muleba, mtoto wa kike wa miaka minne atakabidhiwa kwa mwanamke ambaye, kwa imani yangu yote, si mama yake. Mama yake ni huyu aliyekaa mbele yako. Naomba ufike naye pale kabla ya saa hiyo.

Ataondoka hapa kesho alfajiri kwa basi la Bukoba, atalala kwa masista, na Jumanne atapanda gari la kuja kwenu. Hayo ndiyo niliyoyapanga. Lakini wiki iliyopita basi lilikwama siku nzima kabla ya kufika Kyaka, na dereva alirudi akiwa na matope hadi kifuani. Tangu jana, kila matone yanapoanza kugonga bati, natoka barazani kutazama upande wa barabara. Kemirembe ameniambia nikae, kwa kuwa barabara haitakauka kwa kutazamwa.

Ili uweze kumsemea Mukabera mbele ya walezi wa nyumba ile, ni lazima ulijue jambo hili tangu mwanzo. Kama ujuavyo, baada ya kustaafu ualimu nilifungua chumba changu cha picha hapa Bugene. Huwapiga watu picha za vitambulisho, za komunyo ya kwanza na za arusi. Kamera yangu ni ile ya Kichina yenye macho mawili, ambayo watoto wako waliiita bundi walipokuja likizo. Jicho la juu ni la kutazamia. Mpiga picha huinama akamwona mtu ndani yake. Jicho la chini ndilo linalopiga. Mbele ya jicho hilo la chini kuna kioo kingine chembamba, kimeshikwa na pete ya chuma. Hicho ni kichujio, na vijana wa Kayanga hukiita filta. Changu ni cha njano hafifu. Huyafanya mawingu yaonekane na huikinga lenzi isikwaruzwe. Mwezi wa pili kamera iliteleza mezani, pete ikagonga sakafu na kupinda, na tangu siku hiyo kichujio kiligoma kufunguka. Sikujali. Nilimwambia Kemirembe kwamba kichujio kisichotoka ni mlinzi asiyetoroka.

Katika usafi wa kamera sikuwahi kumhitaji mwalimu wa pili. Kioo chake hakipanguswi kwa pindo la shati, wala hakipulizwi kwa mdomo, kwa kuwa pumzi ya mtu ina mate. Kwanza hupuliza vumbi kwa kipira cha kusafishia masikio, nilichopewa na mganga wa zahanati. Kisha hupitisha brashi ya manyoya laini. Mwisho, ikiwa doa bado lipo, huchukua kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, hudondoshea tone moja la spiriti ya hospitali, na kuzungusha taratibu kutoka katikati kwenda ukingoni. Tone huwekwa kwenye kitambaa. Kamwe halimiminwi kwenye kioo. Maneno hayo nimeyabandika ukutani kwa mwandiko wangu, na wateja huyasoma wakisubiri zamu.

Mwezi wa nane padre alimleta kwangu Anatolia. Ni binti niliyemfundisha darasa la sita, na sasa anafanya kazi katika ofisi inayowatafutia ndugu zao watoto waliopotezana na wazazi mwaka jana, wakimbizi walipovuka kutoka Rwanda. Mpiga picha wao alikuwa ameugua. Katika kambi moja upande wa Kyerwa walikuwako watoto tisini na sita wasio na mtu, wengi wao wadogo mno kujua hata jina la baba. Kila mmoja alipaswa kupigwa picha akiwa na kibao chenye namba, na picha hizo zibandikwe makanisani, sokoni na kambini, ili mzazi atakayemtambua mwanawe aende ofisini. Nilikubali papo hapo. Nilipiga thelathini na sita siku ya Ijumaa, na sitini waliobaki siku za Jumatatu na Jumanne. Filamu zilipelekwa Mwanza kusafishwa.

Namkumbuka mtoto wa sabini na moja. Kila nilipoinama kumtazama, alifunika jicho lake la kulia kwa kiganja na kunitazama kwa lile lililobaki. Hakuwa analia. Nilipoinuka, aliondoa kiganja, nilipoinama, alikirudisha. Mlezi aliyekuwa karibu alicheka na kusema kwamba mtoto huyu anaichezea kamera mchezo wake mwenyewe. Mimi sikucheka, kwa sababu nyuma yake walikuwa wamebaki wengine ishirini na watano na jua lilikuwa linapanda. Nikamwamuru ateremshe mkono, kwa sauti ileile niliyoitumia darasani kwa miaka thelathini na mmoja. Hakujua Kiswahili, lakini sauti aliielewa. Akauteremsha. Katika jicho la juu la kamera nikaliona kovu dogo linalokata nyusi za upande wa kulia, wazi kabisa, mithili ya mstari wa penseli. Nikapiga.

Sasa nikueleze kuhusu Mukabera. Anaishi Ndama kwa mzee Sebahire, ambaye wazee wake walihamia huku kutoka Rwanda zamani, na hutulimia siku tatu kwa wiki. Mwanawe anaitwa Nyirabageni. Walipofika karibu na daraja la Rusumo katika ule msongamano, mama alikuwa amefunga mkono wa mtoto kwenye mkono wake kwa kitambaa cha kichwa. Watu walisukumana. Alipotazama chini, kitambaa kilikuwako na mtoto hakuwako. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka mitatu.

Picha zilipobandikwa kwenye ukuta wa kanisa mwezi wa tisa, Mukabera alikuja kuzitazama akiwa na jembe begani. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Alipita picha moja baada ya nyingine, kidole kikiwa hewani bila kugusa karatasi. Zile za mwanzo alizitazama kwa muda mrefu. Alipoipita ile ya thelathini na sita alianza kwenda haraka, kwa kuwa kuanzia hapo picha zote zilikuwa na weupe kama wa maziwa: macho yalikuwa vivuli viwili, mdomo kivuli kimoja, na juu ya macho hapakuwa na kitu. Alisimama mbele ya sabini na moja, akaenda sabini na mbili. Alipomaliza aligeuka akaniambia:

“Mwalimu, hawa wa mwisho wote ni mtoto mmoja. Ni kama waliopigwa ndani ya mvuke wa chungu.”

Alisema bila lawama, akachukua jembe lake akaenda kulima.

Picha yenye ukungu, Joviana, ina hatari kuliko picha isiyokuwako. Mama mmoja huitazama asimwone mwanawe. Mwingine huitazama akamwona wake, kwa sababu hakuna kitu ndani yake cha kumkatalia. Hivyo ndivyo ilivyotokea. Watoto wadogo walihamishiwa Muleba, na mwezi wa kumi mwanamke mmoja wa kambini, mke wa Harerimana, alisimama mbele ya picha ya sabini na moja akapiga magoti. Naye alipoteza binti wa umri huohuo. Sina sababu ya kumwita mwongo. Alikiona kile alichokiomba kwa mwaka mzima na nusu.

Mimi sikujua kwamba mtoto wa picha ya sabini na moja ndiye mwana wa Mukabera hadi Jumatano iliyopita. Mukabera alikuwa anapalilia maharage, mvua ikamkimbizia jikoni kwetu. Nilikuwa chumba cha pili, karibu na dirisha, napiga brashi lenzi. Nilimsikia Kemirembe akimwuliza kama bado huenda kutazama zile picha. Akajibu kwamba ameacha, kwa maana sasa akifumba macho anaona weupe wa picha badala ya uso wa mtoto. Kemirembe akamwuliza mtoto alikuwa wa namna gani. Mukabera akacheka kidogo, ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka, akasema kwamba alikuwa mtundu. Kila mgeni alipomtazama, alifunika jicho la kulia kwa kiganja. Baba yake alimtania kwa kumwita Kajisho, yaani jicho dogo, na jina hilo ndilo aliloliitikia kuliko jina lake. Mkono wake ulizoea kwenda hapo tangu alipoangukia figa la jikoni na kupasuka juu ya jicho. Kidonda kilipona, mkono ukaendelea kwenda.

Brashi ilikuwa bado inazunguka mkononi mwangu, na lenzi ilikuwa safi tangu zamani. Ningetoka mara moja nikamwambia. Sikutoka. Nilijiambia kwamba ni lazima kwanza nihakikishe ofisini, na sababu hiyo ilikuwa nzuri. Ila haikuwa sababu yote.

Alhamisi nilikwenda kwa Anatolia. Alifungua daftari lake akanionyesha: namba sabini na moja, jina halijulikani, yuko Muleba, ametambuliwa kwa picha na mke wa Harerimana, makabidhiano tarehe kumi na sita. Nilimweleza habari ya kiganja na ya kovu. Alieleza kwamba simu ya Muleba imekufa tangu mvua ilipoanza, na kwamba hata ingekuwa nzima, neno la mdomo halitoshi kusimamisha jambo lililokwisha kupitishwa. Mama lazima aende mwenyewe. Lazima awe na mtu anayejulikana mjini pale. Na lazima achukue maandishi ya mpiga picha, yenye sahihi yake, yanayoeleza kwa nini picha ile haifai kumtambulisha mtu.

Mtu anayejulikana Muleba ni wewe, ambaye soko zima linakuita mama. Maandishi yalikuwa juu yangu. Niliyaandika yasimtaje yeyote ila maabara ya Mwanza: kwamba dawa zao zilikuwa zimechacha, ndiyo maana picha zimekuwa na ukungu. Ijumaa asubuhi nikampelekea. Anatolia alisoma mara mbili. Kisha akatoa picha zote kabatini, akazipanga mezani mafungu mawili, za Ijumaa upande huu na za Jumatatu na Jumanne upande ule.

“Mwalimu,” alisema, “maabara ni moja, na filamu zote ziliingia dawa siku moja. Kwa nini wa Ijumaa wanaonekana na wa Jumatatu hawaonekani? Muleba wataniuliza hivyo hivyo. Nitawajibu nini?”

Aliniuliza kwa heshima, na hakuinua macho. Nikachukua karatasi yangu nikarudi nyumbani.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu imenigomea tangu misa ilipokwisha.

Ile Ijumaa ya kwanza ya kazi nilirudi kutoka kambini kamera ikiwa na vumbi lililochanganyika na moshi wa kuni, likagandia kichujio kama gundi. Kipira hakikuliondoa, wala brashi. Chupa yangu ya spiriti ilikuwa kavu. Jumamosi asubuhi nilikwenda zahanati nikaambiwa kwamba yote imechukuliwa kwa ajili ya vidonda vya kambini. Nilijua kwamba gongo, ile ambayo huku tunaiita enkonyagi, ina spiriti ndani yake. Basi mimi, mwenyekiti wa chama cha wasiokunywa pombe cha parokia, niliyewaapisha watu arobaini na wawili kwa mkono huu, nilipanda baiskeli hadi Rugera kwa mpishi wa gongo anayeitwa Polikarpi, nikiwa nimevaa koti la mvua katikati ya kiangazi.

Polikarpi alinitambua kabla sijashuka. Aliuliza kama chama kimehamia kwake, au yeye ndiye aliyehamishiwa kwenye chama. Nilimjibu kwa ukali kwamba nahitaji kidogo tu cha kusafishia kioo. Akasema hana shaka, maana kila mteja wake ana kioo cha kusafisha. Wanaume watatu waliokaa kwenye gogo walicheka hadi mmoja akapaliwa. Kisha akaniuliza:

“Nikupe ya kwanza au ya mwisho?”

Sikujua maana ya swali hilo. Mtu mwingine yeyote angeuliza. Mimi niliona aibu kusimama pale hata dakika moja zaidi, tena nikifundishwa na Polikarpi mambo ya gongo, nikajibu: “Yoyote.” Akanimiminia kwenye chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Baadaye nilielewa kwamba ile inayotoka mwanzo wa kupika ni kali na hukauka bila kuacha kitu, na ile ya mwisho ni maji yenye mafuta na utamu wa ndizi. Aliyesema yoyote hupewa ile isiyonunuliwa na wengine.

Nyumbani nilijifungia chumbani. Kemirembe alikuwa kwenye mkutano wa akina mama, nami nilihesabu kwamba nina saa nzima. Nilikuwa nimetandika tu kitambaa nilipomsikia akibisha hodi kwa jirani, karibu kabisa na lango letu. Chumba kilikuwa kimejaa harufu. Nikaacha kitambaa, nikainua chupa, nikamimina moja kwa moja kwenye kioo, nikapangusa, nikakimbia chooni nikaitupa chupa shimoni. Kemirembe alipoingia alinikuta nimefungua madirisha yote, akaniuliza kama nimeunguza kitu.

Kichujio kiling’aa. Lakini gongo ilikuwa imepenya kwenye pete iliyopinda, ikaingia nyuma ya kichujio na kukaukia hapo, mahali ambapo mkono haufiki wala jicho halioni. Jicho la juu la kamera halikuguswa. Kwa hiyo siku zile mbili niliwaona watoto sitini vizuri kabisa, kila kovu na kila kope, na jicho la chini halikumwona hata mmoja.

Utaniuliza nilijua lini. Nilijua siku ileile picha ziliporudi kutoka Mwanza, kabla sijazihesabu. Kati ya Ijumaa na Jumatatu hapakuwa na mtu aliyeigusa kamera ila mimi. Mwezi wa kumi nilimpelekea Theoneste, fundi saa wa Kayanga, akaikata ile pete, akanionyesha utando wenye rangi za upinde wa mvua juu ya lenzi. Alinitania kwamba kamera yangu imezeeka macho kabla ya mwenyewe. Lakini sikuhitaji Theoneste aniambie. Nilimwambia Anatolia kwamba ni dawa za Mwanza, naye akaamini, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wake. Na Mukabera aliponiambia habari ya mvuke wa chungu, nilimjibu kwamba ndivyo walivyozifanya Mwanza. Ningeweza kurudi kambini wiki ileile nikawapiga upya watoto wote sitini, filamu zilikuwako. Ingenibidi kusema kwa nini. Nikaona afadhali zibandikwe kama zilivyo.

Nakuandikia haya wewe, mke wa Athanasi. Miaka minane iliyopita, mlipokuwa mkiishi huku, nilisimama mbele ya waumini nikamfuta mumeo katika chama kwa sababu ya chupa moja aliyokunywa kwenye matanga ya baba yake. Aliniomba nimwite faraghani, nikakataa. Mlihama mwaka uleule, na tangu hapo sijala chakula nyumbani kwenu. Jana nilifikiri kumtafuta mtu mwingine wa Muleba wa kumwandikia. Sikumpata, na nisingependa kukudanganya kwamba sikumtafuta.

Maandishi ya kweli niliyaandika jana asubuhi. Yamo ndani ya bahasha hii, yana sahihi yangu na ya Anatolia. Kisha nikaenda na Kemirembe ukingoni mwa shamba la maharage nikamwita Mukabera. Tulisema naye kwa Kinyambo, ambacho anakielewa vizuri, na pale nilipokwama Kemirembe alimalizia. Nilianza kwa kumwambia kwamba mwanawe yu hai. Akakaa chini kwenye udongo mbichi. Nikamweleza yaliyobaki, yote, bila kuruka: Polikarpi, chupa, uongo wa Mwanza, na jinsi nilivyomwamuru mtoto ateremshe mkono. Kama ningeuacha mkono ule mahali pake, hata ukungu usingemzuia kumjua. Nilitazamia kwamba atanitukana, na nilikuwa tayari. Badala yake akauliza:

“Ulipomwambia ateremshe, alilia?”

Nikasema hakulia.

“Alikutazama?”

Nikasema alinitazama kwa macho yote mawili.

“Basi alikuogopa,” akasema. “Kajisho akilia, haogopi. Akinyamaza ndipo anaogopa.”

Akainuka, akapangusa udongo kwenye kanga, akamwuliza Kemirembe basi linaondoka saa ngapi. Mimi hakuniambia neno jingine, na hadi leo hajaniambia.

Joviana, mkifika pale, msianze kwa ugomvi. Mwone mlezi mkuu, mpe maandishi, mwombe asome mbele yenu. Kisha mtoto aletwe, na Mukabera amwite kwa jina lile la baba yake akiwa mbali, kabla hajamgusa. Mke wa Harerimana naye atakuwako siku hiyo. Atakuwa ameandaa nguo. Tafuta namna ya kukaa karibu naye. Mimi ndiye niliyemwonyesha mtoto asiyekuwa wake, na sitakuwapo. Padre nimemwambia leo baada ya misa. Jumapili ijayo nitasimama mbele ya chama.

Kesho Mukabera akipanda basi, mimi nitakwenda kambini na kamera. Nimeivua kichujio, lenzi iko wazi, na Theoneste ameisafisha mbele ya macho yangu. Nitawapiga upya wale waliobaki huko. Anatolia amenisomea daftari: kati ya watoto wale sitini, kumi na wanne wamekwisha kuchukuliwa na watu waliowatambua kwa picha zangu, na wengi wa watu hao wamekwisha kuhama kambi. Ameanza kuwafuatilia mmoja mmoja. Huenda wote kumi na wanne wamefika kwao. Najaribu kuzikumbuka nyuso zao, maana mimi peke yangu ndiye niliyewaona vizuri, na nimewakumbuka sita tu.

Kemirembe anakusalimu sana, na ameweka senene wa kukaanga katika kikapu cha Mukabera kwa ajili ya watoto. Wabusu kwa niaba yangu. Msalimu Athanasi, nawe usimfiche barua hii, msomee yote.

Mimi kaka yako,
Melkiory